Sampuli ya Kumi na Saba

Aibu ilimkuta Bong Jae-seok mbele ya watu mia tatu, saa tano asubuhi, kwenye kongamano la madaktari wa ini mjini Daejeon, Korea. Na ilimstahili, mimi simtetei.

Alikuwa ndio kwanza amemaliza kueleza jinsi pombe inavyolitafuna ini kabla mwenyewe hajahisi hata kichefuchefu. Grafu yake ilipendeza: huku nukta nyekundu za wanywaji, kule nukta za buluu za wazima wasiogusa tone. Watu wakapiga makofi. Profesa Ma, mkuu wa idara, mzee mwenye uwezo wa kumpandisha cheo au kumwacha palepale, alikuwa anatabasamu safu ya mbele.

Ndipo mama mmoja, daktari kutoka Busan, akasimama na kipaza sauti.

"Daktari, kwenye muhtasari mlisema wazima ni arobaini. Mimi hapa nahesabu thelathini na tisa. Mmoja kaenda wapi?"

Ukumbi ukacheka.

"Sampuli ya kumi na saba iliharibika," akasema Bong. "Tuliitupa."

Uongo mtupu! Sampuli ile haikuwa na kasoro yoyote. Maabara za kwao, mkikosa wazima wa kulinganisha na wagonjwa, hamhangaiki. Mnawaambia wadogo kazini wakunje mikono ya mashati. Ndivyo alivyofanya Bong. Na namba kumi na saba alikuwa Tak Eun-gyo, daktari wa miaka thelathini na mbili, ambaye dakika ile ile alikuwa ameketi kando ya jukwaa akimbadilishia slaidi. Siku ya kutoa damu fomu ilimuuliza kama anakunywa. "Andika hunywi," Bong alimwambia. "Karamu za idara hazihesabiki, ile ni kazi." Majibu yalipotoka mwezi wa tatu, nukta yake ilikaa katikati ya zile nyekundu. Bong akaitazama, akaitazama tena, akaifuta. Hakumwambia mtu, hata mwenye damu yake.

Na msidhani hakujua kilicholiharibu ini lile. Alijua fika. Kwao mkubwa akimaliza kikombe chake, akakijaza na kukunyooshea, hukikatai. Ila mwenzako anaweza kukunywea. Bong aliiogopa pombe kwa kuwa aliijua nje ndani. Basi miaka mitatu mizima, kila karamu, alisingizia dawa za tumbo, na Eun-gyo akanyoosha mkono: "Lete, nitamnywea bosi." Wakamshangilia. Wakambatiza jina, Tangi. Bong naye akacheka nao, kisha akarudi nyumbani na ini lake salama salimini.

Mchana Bong na wenzake wa idara wakaketi sakafuni kwenye mkahawa nyuma ya ukumbi, nyama ikichomwa katikati ya meza. Profesa Ma, mashavu yameshaiva, akamaliza kikombe chake cha soju, pombe kali ya kwao, akakijaza, akamnyooshea Bong.

"Bong! Leo umetutoa kimasomaso. Au tumbo bado?" Meza nzima ikaangua kicheko. "Tangi yuko wapi?"

"Nipo, Profesa," akasema Eun-gyo. Akakipokea kwa mikono miwili.

Bong akamshika mkono. "Usinywe."

"Kwa nini, bosi?" Aliuliza polepole, bila kutabasamu. "Sema. Kwa nini nisinywe?"

Kicheko kikakatika. Yule mama wa Busan alikuwa meza ya pili tu, angesikia kila neno. Bong alijua akisema, cheo basi tena, na huenda na kazi. Masikio yalimwaka moto. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Ile sampuli haikuharibika," akasema. "Kumi na saba ni wewe. Ini lako..."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilijitoa damu mwenyewe, nikaandika namba mwenyewe. Majibu niliyaona siku uliyoyaona wewe. Karamu sita tangu hapo, bosi. Kila nikinyoosha mkono najiambia, huyu ni daktari wa ini, leo atanizuia. Sita!"

Akakiweka kikombe mbele ya Bong taratibu, bila kumwaga.

"Hiki kinywe mwenyewe."

Profesa Ma alikuwa anaitazama nyama. Bong akakiinua kikombe kwa mikono miwili. Kwao mdogo hanywi akimkabili mkubwa wake. Hugeuza uso pembeni. Akashukuru moyoni kwamba ipo desturi ya kumsitiri, walau kwa funda moja. Akageukia kushoto, na kushoto ndiko alikokuwa ameketi Eun-gyo, akimtazama usoni.