Nadhiri ya Mama Rustika

Kompyuta ndiyo iliyoniambia kwanza. Angeniambia mtu ningemrushia kiatu, lakini kompyuta utaifanya nini?

Mimi na Ishimwe tuko mwaka wa mwisho wa masomo ya kompyuta hapa Tabora. Tulikuwa tunaandika programu ya wafugaji nyuki, ya kuwaonyesha mizinga yao iko wapi porini na ipi iko tayari kurinwa asali. Tuliihifadhi mtandaoni, mahali ambapo sisi wawili tu tulikuwa na ruhusa ya kuingia na kubadilisha kitu. Asubuhi moja nafungua nakuta ujumbe: Ishimwe amekukabidhi umiliki wote. Ishimwe amejiondoa. Basi, hivyo tu. Nikasema labda kabonyeza vibaya, maana huyu akiwa na usingizi anaweza kufuta hata jina lake.

Nikamfuata kantini. "Umejiondoa kwenye programu?"

Akaweka kikombe chini. "Tekla, naenda utawani. Wamenipokea. Nikimaliza mitihani naenda kuanza malezi."

"Utawani? Si ulisema wazee wako wanakuja kwetu Isevya baada ya mavuno?"

"Nilisema."

"Mama yangu ameshaanza kuulizia mbuzi, Ishimwe!"

"Najua. Nisamehe."

Jamani! Ningeachwa kwa ajili ya msichana mwingine ningejua pa kuanzia. Ningeuliza anaitwa nani, anakaa wapi, ana nini ambacho mimi sina. Bertila, ninayekaa naye chumba kimoja kule mtaa wa Mtendeni, aliponikuta nalia akauliza ni nani huyo aliyenichukulia mwanaume. Nikamwambia ni Mungu. Akasema, "Hee! Huyo humuwezi, shoga yangu. Mwenye nguvu mpishe." Nikacheka huku kamasi zinanitoka, halafu nikaanza kulia upya.

Sikumpisha. Nimebatizwa, nimepata kipaimara, naimba sauti ya kwanza kwaya, na bado nilimkasirikia Mungu waziwazi. Nilikwenda misa nikakaa benchi la nyuma, nimenuna, kwenye kuimba siimbi. Nikamwambia: una mapadre, una masista, una malaika hata hesabu yao haijulikani, na bado umemtaka huyu mmoja niliyekuwa naye? Roho iliniuma kiasi kwamba hata komunyo sikwenda kupokea.

Katika kazi yetu kuna kifaa kinaitwa debaga. Programu ikikupa jibu usilolitarajia, unaisimamisha katikati, unaiendesha mstari mmoja mmoja, unachungulia kila kitu kimebeba nini, mpaka unaliona kosa. Nakipenda kuliko vifaa vyote kwa sababu hakibembelezi wala hakidanganyi. Mungu huwezi kumfanyia hivyo. Unapiga magoti, unauliza, unasubiri, na kilichomo ndani hukioni. Ishimwe alikuwa akisema hiyo ndiyo maana ya imani. Mimi nilimjibu kwamba programu ya namna hiyo mwalimu angeirudisha. Basi nikaamua kosa nitalitafuta mwenyewe. Mtu aliyekuwa anataka ndoa leo anataka utawa, lazima kuna mahali pamekosewa.

Nikakumbuka kwamba aliwahi kuniambia mama yake alimweka nadhiri kwa Mungu akiwa mchanga. Jumamosi nikapanda basi la Ulyankulu.

Mama Rustika nilimkuta anapembua maharage mlangoni. Yeye aliletwa mgongoni kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, watu wakikimbia mauaji, akakulia hapo hapo Ulyankulu, akazaa mabinti na mvulana mmoja tu, huyu Ishimwe. Nikamwambia, "Shikamoo, mama." Akaitikia marahaba, akaniangalia usoni, na machozi yakamtangulia kabla sijasema lililonileta.

"Kosa ni langu, mwanangu," akasema. "Alishikwa na degedege, macho yakageuka meupe. Nikasema, Mungu, mwache huyu, nitakupa awe wako. Mama gani hasemi hivyo? Nilisema kama mtu anavyopiga kelele nyumba inaungua. Akapona. Basi nikawa kila siku namwambia wewe ni wa Mungu, wewe ni wa Mungu, ili tu awe na adabu. Sikujua kama anasikiliza."

"Na wewe ulitaka aende?"

"Mimi?" Akasukuma ungo pembeni. "Mimi nilitaka wajukuu. Nilitaka wapewe majina ya watu wetu waliobaki kule."

Ndiyo hapo! Nilikaribia kucheza. Kosa nililiona kama ninavyokuona wewe. Kijana wa watu anakwenda kulipa ahadi ambayo hakuitoa yeye. Nikamshika mama mkono, nikamwambia twende parokiani.

Padre Wilbroad alitusikiliza amesimama, funguo za gari mkononi, maana alikuwa anaondoka kwenda kwa mgonjwa. Hakuzunguka. "Mama, nadhiri humfunga aliyeiweka. Huwezi kumwekea mwanao. Kijana yuko huru."

"Tangu leo, padre?"

"Tangu siku zote, mama."

Mama Rustika akakaa chini pale pale kwenye ngazi. Tulipokuwa tunarudi nyumbani alianza kupanga posa: mshenga atakuwa Karoli, mjomba wake Ishimwe, maana ana ulimi mtamu na hanywi sana. Akanifungia matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, nimpelekee mama yangu, akaniita mkwe. Babu zangu Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka huku mpaka pwani, mimi habari ile nilishindwa kuibeba hata mpaka mjini. Dada niliyekaa naye kwenye basi nilimsimulia yote, akapiga vigelegele. Na Mungu nilimwomba radhi njia nzima. Nikamwambia, Baba, nilikusingizia, naona hukuwa wewe. Tukapatana.

Jumatatu nikamkuta Ishimwe nje ya maabara ya kompyuta. Sikumsalimia. "Uko huru! Padre Wilbroad kasema, na mama yako alikuwepo. Nadhiri yake haikufungi, haikuwahi kukufunga!"

Hakuruka. Hakushangaa hata kidogo. Aliniangalia kwa huruma, na mimi huruma ya namna ile siitaki.

"Tekla, najua," akasema. "Nilimuuliza padre wa hapa chuoni mwaka jana. Akanijibu hivyo hivyo. Nikafurahi sana, ndipo nikakuambia wazee watakuja kwenu. Nikasubiri hamu ya kwenda iniishe. Haikuisha."

"Kwa hiyo hakuna anayekulazimisha."

"Hakuna."

"Na uliposema unanipenda?"

"Nakupenda hata sasa."

"Basi baki!"

"Siwezi."

"Nani kakuzuia? Mama hakuzuii, padre hakuzuii, mimi ndio kabisa. Huwezi au hutaki?"

Machozi yakamtoka, akayaacha yatiririke. "Sitaki, Tekla."

Hapo ndipo nilipovunjika. Muda wote ule nilikuwa na mtu wa kugombana naye. Nilimgombeza Mungu, nikaihukumu nadhiri, hata degedege nililichukia. Kumbe nilikuwa nagombana na moyo wa Ishimwe mwenyewe, na moyo wake haukuwa na kosa la kurekebisha. Aliniona, akanipenda, akanipima na hilo lingine, akachagua.

Simu ikaita mkononi mwangu. Mama Rustika. Ishimwe akanyoosha mkono aipokee, nikamkatalia.

"Mwanangu, umemwambia? Amesemaje?" Nyuma yake nilisikia mabinti wanacheka, vyombo vinagongana.

"Mama," nikasema, "alikuwa anajua. Si nadhiri yako inayompeleka. Anakwenda kwa sababu anataka mwenyewe."

Vicheko vikakatika.

"Rudia, mwanangu. Si mimi niliyempoteza?"

"Si wewe, mama. Hukuwahi kuwa wewe."

Akaanza kulia kwa sauti, akahamia Kirundi, Mana, Mana, yaani Mungu, Mungu, na kwa machache ninayoyaelewa alikuwa anashukuru. Ishimwe amejifunika uso kwa mikono mbele yangu, mama yake anashukuru sikioni mwangu. Sikuwa na cha kushukuru hata kimoja. Nikaishikilia ile simu, nikamwacha ashukuru mpaka akamaliza.