Gaju wa Bwawani

Kantengwa alikuwa hali samaki, na si kwamba samaki walimkosea kitu. Kwao, milimani juu ya Uvira, mtu alikula kilichotoka kwa ng'ombe: maziwa, siagi, na nyama siku ile ng'ombe mwenyewe amechoka kuishi. Samaki kilikuwa chakula cha watu wa bondeni. Harufu yake tu ilimfanya azibe pua kwa ncha ya kitenge na kumwomba Mungu subira. Sasa mtazame Mungu na utani wake: mwanawe wa pekee, Shimwa, katika wasichana wote wa Kivu Kusini, akaenda kumpenda Olga, binti wa mfuga samaki!

Tena si mfuga samaki wa kubahatisha. Baba yake Olga alikuwa na mabwawa kwenye delta ya Ruzizi, pale mto unapojigawa vijito kabla ya kumwagikia Tanganyika, na samaki wake na uduvi wake walivuka mpaka kwenda kuliwa Bujumbura na watu wanaotandika vitambaa mezani. Vita vikaja. Mabwawa yakaachwa, ng'ombe wa Kantengwa wakaswagwa na watu wenye bunduki, na mama mkwe na mkwe wakajikuta Nakivale, upande wa Uganda, chini ya bati moja. Shimwa akachimba bwawa nyuma ya shamba, karibu na kinamasi cha ziwa, na Olga akalijaza vifaranga vya kambale. Kantengwa alitoa sharti moja tu: nyumba iwe na sufuria mbili, na ile ya samaki ilale nje.

Kisha homa ikamchukua Shimwa, akamwacha Olga na mimba changa. Tangu hapo wale wanawake wawili waliishi kwa adabu. Shikamoo ya asubuhi, pole ya jioni, basi. Adabu nyingi hivyo, ukiniuliza mimi, ni ukuta. Lakini nani aliniuliza?

Na Kantengwa alikuwa na hofu. Olga alikuwa na dada Mbarara, anaitwa Prudence, mwenye chumba cha kupanga mtaa wa Nyamityobora na mdomo usiojua Jumapili. Kila wiki alipiga simu: njoo ukae kwangu, mume hayupo tena, unafanya nini huko na mwanamke asiyeweza hata kula kwenye sahani yako? Na kila wiki Olga alijibu neno moja: "Niko na samaki zangu." Hakusema, "Niko na mama mkwe wangu." Kantengwa alisikia kila kitu kupitia pazia, akaelewa anavyoelewa mfugaji: samaki ndio kamba iliyomfunga Olga hapo. Samaki wakifa, Olga anaondoka, na mtoto wa Shimwa anaondoka naye.

Uchungu ulimshika Olga kabla ya wakati wake. Mkunga wa kituo cha afya alimpima, akatikisa kichwa, akaita gari la wagonjwa limkimbize Mbarara. Pale mlangoni, jasho likimtiririka, Olga alimshika mama mkwe wake mkono. Hakuwa amemshika mkono tangu mazishi.

"Mama, samaki zangu. Uzipatie chakula asubui na mangaribi. Yudaya atakuja na gari kuzichukua. Nakuomba. Najua hauzipendi."

Huyo Yudaya alikuwa mke wa mwanajeshi wa kambi ya Mbarara, mfanyabiashara anayenunua kambale, anawakausha kwa moshi na kuwavusha mpaka wa Kikagate kwenda kuuzwa Tanzania. Samaki wa Olga alikuwa ameshawaahidia wateja wake.

"Enda uzae," Kantengwa akasema. "Nilichunga ng'ombe mingi na simba ziko karibu. Samaki itanishinda?"

Maneno ya kishujaa hayo. Mkono mwingine ulikuwa tayari unatafuta kitambaa cha pua.

Sasa sikia kosa. Hospitali mama mjamzito haendi mikono mitupu. Lazima awe na kanga zake, pamba zake na beseni. Marcienne, jirani, katika haraka ile aliona beseni la bati la buluu limeegemea ukutani, akalirusha ndani ya gari. Beseni ni beseni, nani angefikiri? Kumbe lile ndilo Olga alilokuwa akiligonga ukingoni mwa bwawa kila siku kabla ya kumwaga chakula. Kambale walilijua kama watoto wa shule wanavyoijua kengele.

Asubuhi yake Kantengwa alishuka bwawani, amejifunga kitambaa puani kama mtu anayekwenda kuchimba choo. Akamwaga pumba za mahindi. Maji yakatulia tu. Pumba zikaelea, zikalowa, zikazama. Jioni vilevile. Kesho yake maji yakaanza kunuka uchachu, na Léopold, mzee wa kanisa mwenye bwawa la pili, akaja mbio kwenye ukingo.

"Mama Shimwa, acha kutupa chakula! Inaoza mule. Itaua maji, maji itaua samaki."

"Sasa nifanye je? Hazikuji kula."

"Uziite. Olga anaziita na beseni."

"Beseni iko Mbarara, inazaa!"

Léopold alicheka mpaka akashika tumbo. Kantengwa hakucheka. Alikwenda kuichukua ile sufuria ya samaki, akaigusa kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaigonga kwa mwiko. Hakuna aliyekuja. Akagonga sahani. Akagonga ndoo. Ni vyura tu walionyamaza kwa heshima.

Basi akakaa chini kwenye tope, akaanza kuwatukana. Aliwaambia hawana akili, hawana kwato, hawana hata kope. Aliwaambia kwamba ng'ombe mjinga kuliko wote wa marehemu mume wake alijua jina lake. Na katika kuwataja ng'ombe, machozi yakamtoka, na mdomo wenyewe ukaanza kuimba ule wito aliokuwa akiwaitia jioni warudi zizini, huku fimbo ya Shimwa, aliyotembea nayo tangu mazishi, ikipiga ardhi kwa mapigo yale yale ya zamani. Aliimba kwa sababu alikuwa na uchungu, si kwa sababu nyingine.

Maji yakacheza. Kichwa kikajitokeza, kipana, chenye masharubu kama chifu wa zamani. Kantengwa akanyamaza, kichwa kikazama. Akaimba tena, akapiga fimbo, kikarudi na wenzake.

"Eh!" akasema. "Kumbe munasikia!"

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Tangu siku hiyo Kantengwa alishuka bwawani asubuhi na jioni bila kitambaa puani, na mimba za maneno aliyokuwa hana wa kumwambia akawazalia samaki. Aliwasimulia milima. Aliwasimulia Shimwa alivyokuwa mtoto. Na kwa kuwa mfugaji hawezi kuchunga wasio na majina, akawapa majina ya ng'ombe wake, kila mmoja kwa rangi yake na tabia yake. Bihogo alikuwa mweusi-mwekundu na mlafi. Yule wa kwanza mwenye masharubu, ambaye mgongo wake ulikuwa na rangi ya kahawia isiyo ya kawaida kwa kambale, alimtazama siku kadhaa kabla ya kuamua.

Akamwita Gaju.

Jina hilo halikuwa la kuchezea. Gaju ndiye ng'ombe wa kahawia aliyemnyonyesha Shimwa, mwaka ambao maziwa ya Kantengwa mwenyewe yalikauka. Miaka yote alilitunza moyoni, akingoja mjukuu wa kike. Lakini mjukuu angezaliwa Mbarara, mikononi mwa akina Prudence, na wangempa jina la bondeni, na nani angemuuliza bibi? Akaona heri jina litumike kuliko lifie mdomoni. Akampa samaki.

Simu ya Léopold ililia siku ambayo bwawa lilikuwa limetulia vizuri, naye akamkimbizia Kantengwa njiani. Aliyepiga alikuwa Prudence. Olga amepasuliwa, ametoka salama, mtoto ni wa kike, naye mzima. Kantengwa akapiga magoti palepale njiani, akamshukuru Mungu kwa Kinyamulenge cha kwao milimani, kwa Kiswahili, na kwa Kifaransa kidogo alichobaki nacho.

"Atabakia hapa kwangu," Prudence akaendelea. "Usikasirike, Mama. Huko atarudilia nini?"

"Iko samaki zake."

"Samaki si za kuuza? Yudaya akizichukua, biliisha."

Kantengwa alirudisha simu bila kuaga. Hilo hakuwa amelifikiria! Alijitesa kuwaweka hai ili Olga arudi, na sasa kuuzwa kwao ndiko kungemkata Olga na Nakivale moja kwa moja.

Gari la Yudaya likaja, na matangi ya maji nyuma, na wanaume wawili wenye wavu. Yudaya mwenyewe alishuka, mwanamke mnene mchangamfu mwenye Kiswahili cha kambini.

"Nyabo, mama, mimi nasikia Olga amezaa! Mungu mkubwa! Sasa samaki iko wapi? Tutoe haraka, Kikagate wanangoja."

Wanaume wakavuta wavu. Kambale ni mjanja, akiona kivuli hujichimbia topeni. Wavu ukatoka na majani na chura mmoja aliyekasirika. Wakavuta tena. Matope.

"Bambi, masikini, samaki wamekufa?" Yudaya akauliza. "Kama hakuna, mimi nageuza gari."

Kantengwa alisimama na fimbo yake, mdomo umefungwa. Geuza, akasema moyoni. Geuza gari uende. Samaki wabaki, Olga arudi. Nani angejua? Hata Léopold alikuwa kanisani.

Lakini ule mkono wa Olga. Aliusikia bado kwenye kiganja chake, unyevu na moto, ukimwomba. Mtu hakuombi hivyo ukamwibia.

Akapiga fimbo chini na kuimba.

Wakaja wote. Walikuja kwa kumwamini, na hilo ndilo lililomuuma, maana wavu ulikuwa tayari chini yao. Yudaya alishika kichwa kwa mikono miwili: "Yesu!" Naye ni Mwislamu huyu anayemwita Yesu. "Lakini mama, wewe unafanya nini?" Kantengwa alikuwa anaagana na Bihogo. Walipofika kwa yule wa kahawia, akaweka fimbo katikati.

"Huyu hapana."

"Nyabo, huyo ndiye mkubwa! Huyo ni wa kuvuka mpaka!"

"Huyu iko na mwenyewe. Na mimi nitapanda gari yako mpaka Mbarara."

Wadogo waliachwa bwawani wakue. Gaju alitiwa kwenye bidoni, dumu la plastiki lililokatwa mdomo, kwa maji ya bwawa lake mwenyewe, na Kantengwa akaipakata njia nzima. Kila kwenye shimo alimfunika kwa kiganja asiruke. Yudaya alimtazama kwa pembeni, akaacha kumuuliza maswali, akaanza tu kuendesha polepole.

Nyamityobora, Prudence alifungua mlango akiwa na mwiko mkononi. Alikuwa anapika samaki. Kantengwa alisita kizingitini. Harufu siku hizi haikumsumbua tena. Kilichomsumbua ni kwamba huenda aliyekuwa sufuriani alikuwa mtu anayemjua.

Olga alikuwa kitandani, mtoto kifuani, na chini ya kitanda beseni la buluu limejaa nguo za kichanga. Alipomwona mama mkwe wake akaanza kulia.

"Mama, unisamehe. Sikupiga simu. Nilifika wodini nikaona beseni, nikasema: zimekufa. Zimekufa na njaa, na Mama anaona haya, hatataka kuniona tena. Niliogopa."

"Zimekufa?" Kantengwa akasema. "Yudaya amezibeba kubwa zote, nzima, banono. Muulize, iko hapo inje." Akaitua bidoni sakafuni. "Kwetu, mutoto akizaliwa na baba hayuko, bibi anamupatia mutamba, ng'ombe wa kuanzia. Mimi sina ng'ombe. Nilikuwa na hii. Ni yake. Hata kama mutabakia huku, ni yake."

Mambo yote aliyopanga kusema njiani yalikuwa yameisha. Prudence, yule wa mdomo usiojua Jumapili, aliuweka mwiko wake chini.

Olga akajifuta macho. "Tubakie huku fasi gani? Nani alisema?"

"Mimi nilisema," Prudence akakiri. "Yeye hakujibu. Kama vile hakujibu manesi. Kila siku balikuwa banamuuliza jina ya mutoto, anasema mungoje. Mutoto hana jina mpaka leo, Mama! Hii ni mambo gani?"

"Shimwa alisema jina inatoka kwa Mama," Olga akasema taratibu. "Nilikuwa nakungoja weye."

Kantengwa alifungua mdomo. Yeye aliyewapa majina bwawa zima! Alitazama uso wa mtoto, paji la Shimwa, masikio ya Shimwa, akaitazama bidoni, na machozi yakamshinda.

"Jina nilikuwa nayo," akasema. "Nilidhani hamutakuja. Nimeipatia samaki."

Kisha Olga akaanza kucheka, ameshika mshono, anaomba wamwache asicheke, anacheka. "Jina gani?"

"Gaju. Ni ng'ombe alinyonyesha baba yake."

"Basi, Mama," Olga akasema, akamtia mtoto mikononi mwake, "samaki airudishe."

Walirudi Nakivale na bidoni yao mshono ulipopona. Nyumba ile bado ina sufuria mbili, maana Kantengwa mpaka leo hali samaki, na sasa ana sababu nzuri zaidi. Lakini ile ya samaki inalala ndani. Kambale wa kahawia yumo bwawani mwake, na walikubaliana aitwe Wajina. Yeye hakukubali. Jioni Kantengwa anashuka na mjukuu mgongoni, anapiga fimbo chini, anaita, "Gaju we!" na anayeitika kwanza ni yule mwenye masharubu. Yule mwingine anapiga mwayo tu kwenye shingo ya bibi yake, kama mtu anayejua tayari yuko kwao.