Nakala ya Wifi

Chuki kati ya Fundi na wifi yake ilikuwa ya zamani, na hakuna aliyejisumbua kuificha. Fundi alikuwa mwanamke aliyetengeneza kompyuta katika kibanda cha vioo nyuma ya duka la vitambaa. Wifi, dada mkubwa wa mumewe, alisimamia chumba cha mitambo katika shirika la bima, ghorofa ya juu, penye baridi ya kuvalia sweta. Mafundi wa jirani walipenda kumtania Fundi kwamba duniani kote wifi huunganisha watu, ya kwake tu ndiyo hukata mawasiliano. Alicheka nao, lakini kicheko hakikutoka moyoni.

Kilichowakalisha meza moja ni mtoto. Binti wa Fundi, waliyembandika jina la Kinanda kwa vile mdomo wake haukujua kunyamaza, alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa damu, na kila Jumamosi alishinda kwa shangazi yake huyo. Wazazi wenye watoto kama yeye walikuwa na kundi lao katika mtandao mmoja mkubwa wa nje. Humo walielezana daktari yupi anasikiliza, namna ya kumtuliza mtoto mifupa inapowaka, na cha kumwambia mwalimu anayedhani mtoto anadeka. Asubuhi moja wakakuta kundi limefungwa. Wenye mtandao walikuwa wameona picha za watoto waliovimba mikono, wakaamua ni picha za mateso. Wazazi wakaandika barua za kuomba, hazikujibiwa. Miaka ya maarifa ikayeyuka kama chumvi kwenye maji.

Ndipo wakaazimia kuwa na mtandao wao wenyewe, mdogo, juu ya seva yao wenyewe, ambao hakuna mgeni angeufunga. Wakauita Jamvi. Programu ilipatikana bure. Kilichobaki kilikuwa kuchagua mashine ya kuubeba, na hapo ndipo vita vilipoanza.

Walikutana sebuleni kwa mwalimu wa hesabu, baba wa watoto wawili wagonjwa, ambaye wenzake walimfanya mwenyekiti kwa sababu hakupandisha sauti. Wifi alitaka seva ya kweli, ile bapa na ndefu, iliyostaafishwa kazini kwake ikiwa bado na nguvu, yenye kumbukumbu inayojisahihisha yenyewe ikikosea. Alitaka ikae nyumbani kwake, kwenye betri za jua. Fundi akasema mashine hiyo inanguruma kama kinu cha kusaga, inakula umeme kama moto wa kichaka, na Jamvi lina watu mia chache tu, si wateja wa bima. Yeye alitaka kompyuta ndogo ya ofisini, isiyozidi ukubwa wa kamusi, na diski mbili zinazoandikwa kwa pamoja: kila kinachoingia katika hii kinaingia na katika ile, ili moja ikifa nyingine ibaki na yote. Ingekaa kibandani kwake.

Hakusema lililokuwa moyoni, kwamba mwenye mashine ndiye mwenye Jamvi, na kwamba asingekubali kumpigia wifi hodi kila mtambo ukipiga chafya. Hakuhitaji kulisema. Kila mtu sebuleni pale alilisikia.

Wazazi wakachagua mashine ndogo. Wifi alitwaa mkoba wake, akazichukua mezani diski mbili ambazo Fundi alikuja nazo, akazigeuza na kusoma maandishi ya mgongoni.

"Hizi ni pacha," akasema. "Kiwanda kimoja, siku moja, hata namba zinafuatana. Zitachoka pamoja. Badilisha moja."

"Asante, wifi," Fundi akajibu. "Ushauri wako tumeusikia."

Alijua kuwa ni kweli. Hilo ndilo lililomkera. Lingesemwa na mtu mwingine yeyote angeibadilisha kesho yake. Kwa kuwa lilitoka kwenye kinywa kile, alizifunga diski zote mbili jioni ileile, akazikaza skrubu hadi mkono ukamuuma. Mumewe aliposimuliwa alitikisa kichwa, akasema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Fundi akamwuliza kama naye alitaka kwenda kuishi kwa dadake.

Jamvi likashika. Watu walirudi mmoja mmoja, wakaandika upya yale waliyokuwa wameyapoteza, wakaongeza na mapya. Palikuwa pia na chumba cha faragha, cha ujumbe wa mtu na mtu, na humo Fundi alikuwa akiteta na muuza maua mmoja, mama wa mtoto wa rika la Kinanda. Waliandikiana mengi, na siku moja, baada ya wifi kumkosoa mbele za watu jinsi anavyomvalisha binti yake siku za baridi, Fundi aliandika bila kupima maneno: huyu mgumba atajua nini uchungu wa mtoto, tumbo lenyewe halijawahi kubeba kitu. Muuza maua alijibu kwa kucheka. Fundi akasahau.

Msimu wa mvua ulipoingia, diski moja ikaanza kukwaruza, na baada ya siku chache ikafa. Fundi hakushtuka. Mambo haya yapo. Akafunga mpya, akaiamuru inakili kila kitu kutoka kwa ile iliyobaki, kazi ya kutwa nzima bila kupumzika. Kabla ya adhuhuri, ile iliyobaki nayo ikakwaruza mara mbili, ikanyamaza.

Alikuwa na nakala ya akiba, au tuseme aliwahi kuwa nayo. Diski ya pembeni iliyokaa katika droo ya meza aliifuta ili kuokoa picha za harusi za mteja, akijiambia ataijaza tena wiki ileile. Alivuta droo, akaitazama diski, akaisukuma droo ndani. Mteja aliyekuwa akingoja simu yake alimwuliza kama anaumwa.

Mumewe ndiye aliyetoboa siri. Alikuja kibandani, akasimama mlangoni kama mtu aliyeleta taarifa ya msiba, akasema kwamba tangu mwanzo alikuwa amempa dadake ufunguo mkuu wa mashine, nywila ya kuiingia kutoka mbali, endapo Fundi angeugua ghafla. Dadake alikuwa akivuta nakala kila juma.

"Nakala ya nini?" Fundi akauliza.

"Ya kila kitu."

Alikwenda kwa wifi mchana uleule. Wifi alifungua mlango, hakumkaribisha kuketi. Sebule ilikuwa safi kupita kiasi, bila kiatu cha mtoto wala daftari lililochanika. Diski ilikuwa tayari mezani, imefungwa kwa kitambaa laini, na kando yake maelezo yaliyoandikwa vizuri ya namna ya kuirudisha. Hakusema nilikwambia. Fundi alikuwa amejiandaa kwa neno hilo njia nzima, na kukosekana kwake kulimtia hofu.

"Hukuwa na ruhusa," Fundi akasema, kwa kuwa ilimbidi aseme kitu. "Zile ni siri za watu, wifi. Umesoma?"

Wifi akamsogezea diski kwa vidole viwili.

"Mtoto sina," akasema. "Nakala ninayo. Chukua, watoto wa wenzio wanangoja."

Fundi aliichukua. Akajua yale ya mgumba yamesomwa. Aliondoka bila kuaga.

Jamvi lilirudi kesho yake likiwa limepungukiwa na mazungumzo ya siku chache tu. Wazazi wengi hawakujua hata kilichotokea. Fundi angeweza kukaa kimya, na usiku mzima kichwa chake kilimshauri hivyo. Lakini aliitisha kikao, akawaambia sebuleni kwa mwalimu kwamba diski zilikufa kwa ukaidi wake, na kwamba aliyewaokoa alikuwa amechukua hadi ujumbe wao wa faragha bila kuomba. Wifi alikuwa amekaa pembeni. Hakukana.

Kelele zilikuwa kubwa. Baba mmoja, kinyozi, aliyekuwa ameandika humo habari za ndoa yake, alitaka wote wawili waondolewe. Mwalimu akauliza kwa sauti yake ya chini nani basi atabaki kuendesha mtambo. Mwishowe wakaamua kwamba nakala iendelee kwenda kwa wifi, lakini ikifungwa isisomeke kabla haijatoka, na ufunguo wa kuifungua ukae kwa mwalimu. Diski mpya zitoke viwanda tofauti. Zile nakala za zamani wifi alizifuta palepale, mbele ya macho yao wote. Kinyozi hakuridhika. Alijitoa Jamvini juma lile, na mkewe akabaki.

Siku chache baadaye Fundi alirudi kwa wifi. Hakutumwa na mtu. Mvua ilikuwa imemlowesha, akaegemeza mwavuli ukutani, ndani kidogo ya mlango, akasema alikuja kwa ajili ya yale aliyoyaandika, kwamba ilikuwa hasira, kwamba hakuyamaanisha.

Wifi alimsikiliza hadi mwisho.

"Uliyaandika ukidhani sitayaona," akasema. "Mtu akidhani haonwi ndipo husema lake. Usinisumbue na lingine. Kinanda aje Jumamosi kama kawaida, nimemnunulia koti."

Kisha akafunga mlango, taratibu, bila kuubamiza.

Fundi alishuka ngazi. Alipofika chini ndipo akakumbuka mwavuli. Akatazama juu, dirishani kwa wifi, ambako taa ilikuwa imewashwa ingawa bado ulikuwa mchana. Akajifunika kichwa kwa mkoba, akaingia mvuani.