Bila Video Hakuna Malalamiko

Wartini alikuwa amechoka na majani. Kuyakuza hakukumchosha, kazi hiyo aliizoea tangu utotoni. Alichoka kuyaeleza. Kila siku ya Mungu, kabla hajamaliza chai yake, simu ilikuwa imeshajaa watu wa Jakarta, Bandung na Makassar wakilia kwamba mimea waliyonunua kwenye duka lake la mtandaoni imeoza. Naye aliwajibu yaleyale. Mimea hii tunaikuza hewani, kwenye trei zenye unyevu. Ukiizamisha kwenye tangi lako la samaki, majani ya hewani yanayeyuka, halafu mmea unatoa majani mapya ya majini. Usiutupe, subiri. Maelezo hayo alikuwa ameyabandika dukani kwa herufi kubwa, juu kabisa ya picha, na hakuna aliyehangaika kuyasoma. Watu wanatazama picha na nyota, basi, wanabonyeza.

Kisha kulikuwa na sheria ya video. Hakuna muuzaji wa mtandaoni asiyeijua: mteja akipokea kifurushi, ajirekodi akikifungua, mwanzo mpaka mwisho, bila kukata. Asiporekodi, asilalamike. Wartini aliihifadhi sheria hiyo kwenye simu ili asiiandike tena na tena. Kidole kikigusa mara moja, maneno yanaenda yenyewe: *Kaka mpendwa, asante kwa kununua kwetu. Bila video ya kufungua kifurushi hakuna malalamiko.* Wote walikuwa kaka mpendwa, wanawake kwa wanaume. Mwanzoni alikuwa akisoma kwanza malalamiko, ndipo ajibu. Siku hizi alijibu kwanza, na kusoma alisoma akipata nafasi. Nafasi haikupatikana.

Kitalu chao kilikuwa nyuma ya nyumba, juu huko Kopeng, ambako baridi ya mlima Merbabu inamfanya mtu avae sweta mchana. Wartini alipanda na kukata. Mumewe, Sugiyo, alifungasha: karatasi iliyoloweshwa kwenye mizizi, mfuko uliopulizwa hewa, boksi, selotepu, na juu yake maneno MMEA HAI. Sugiyo alikuwa na mikono mepesi na kichwa chepesi vilevile, na mkewe alimpenda kwa kimoja na kumvumilia kwa kingine.

Na kulikuwa na Nyai. Huyo hakuwa wa kuuzwa. Baba yake Wartini, Mzee Karsono, ndiye aliyemleta zamani kutoka Kalimantan, alikokuwa akifanya kazi ya kukata magogo. Alimng'oa kwenye kijito cha maji meusi kama kahawa, akamsafirisha melini ndani ya kopo la maziwa, akampa jina la heshima kama bibi wa ukoo. Majani yake yalikuwa ya kahawia juu na mekundu chini, yamejikunja pembeni. Kijito kile hakipo tena, sasa ni michikichi mitupu hadi upeo wa macho. Wanawe Nyai walikuwepo kitaluni, lakini masika yaliyopita ugonjwa wa kuoza ukawapitia wote, akabaki mama mtu peke yake. Kila asubuhi mzee alikaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni pa kitalu, akapakatishwa chungu cha Nyai, akamfuta majani moja moja kwa kitambaa kibichi. Tangu mke wake afariki, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake duniani.

Halafu moyo wa mzee ukaanza kumsumbua, akapelekwa Semarang kwa dada yake Wartini, karibu na hospitali. Kutoka huko alipiga simu kila jioni. Hakuuliza habari za wajukuu wala za mvua.

"Nyai hajambo?"

"Hajambo, baba," Wartini alijibu, simu ameibana begani, mikono iko kwenye matope. Hata shingo hakuigeuza.

Ikafika wiki ya punguzo kubwa la mwisho wa mwaka, wiki ambayo nchi nzima inanunua kama kesho hakuna. Wartini alikata mimea mpaka vidole vikafanya sugu. Chakula kilikuwa wali wa jana na tempe baridi, vile vipande vya soya iliyochachushwa. Malalamiko yaliingia kwa mkupuo, na kidole chake kiliyajibu kwa mkupuo. Kaka mpendwa, kaka mpendwa, kaka mpendwa.

Punguzo likaisha, dada akapiga kusema daktari amemruhusu mzee, anarudi Ijumaa. Siku moja kabla, Wartini alichukua kitambaa akaenda kumfuta Nyai, angalau mzee amkute safi.

Meza ya mimea mama, ile ya kukatia miche, ilikuwa na pengo pale alipokaa Nyai.

Aliangalia chini ya meza. Akaangalia nyuma ya pipa la maji.

"Baba Ratih!" alimwita mumewe. "Nyai yuko wapi?"

Sugiyo alitokea na mkasi mkononi. "Si yuko mezani?"

"Ningekuuliza?"

Sugiyo akaitazama meza, akatazama chini, akajikuna shingo. Alipoanza kujikuna shingo tu, mkewe akajua.

"Mama Ratih, usinipigie kelele kwanza. Alikuwa amefungwa kamba nyekundu, sivyo?"

"Mimea mama yote imefungwa kamba nyekundu! Maana yake haiuzwi! Tangu nimeolewa na wewe, kamba nyekundu haiuzwi!"

"Najua. Lakini wiki ya punguzo kamba nyeupe iliniishia. Nikafungia nyekundu ile ambayo iko tayari kuondoka..."

"Ukafungia nyekundu."

"Na mingine hii mitatu nilikumbuka nikairudisha. Huyo nadhani alikwenda na oda ya mtu wa Sidoarjo. Aliomba mmea wa kahawia wa kawaida. Nikamwona yule ni wa kahawia, na ana kamba..."

Wartini alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alitaka kumtukana mumewe matusi ya nguvu, lakini hata matusi yanataka pumzi. Alitoa simu, akamtafuta mtu wa Sidoarjo.

Alikuwa ameandika sana, huyo mtu. Ujumbe wa kwanza ulikuwa wa shukrani: kifurushi kimefika, mmea mzuri kuliko ule wa pichani, video ameiambatisha kama duka linavyotaka. Ujumbe wa pili ulisema majani yanalainika, afanye nini? Chini yake: *Kaka mpendwa, asante kwa kununua kwetu. Bila video ya kufungua kifurushi hakuna malalamiko.* Ujumbe wa tatu: *Video nimeshatuma. Na usiniite kaka, nina wajukuu. Nauliza tu, nifanye nini?* Chini yake, Kaka mpendwa. Ujumbe wa nne ulikuwa picha ya kitu kama mlenda kwenye mchanga. Chini yake, Kaka mpendwa. Ujumbe wa mwisho ulikuwa wa juzi: *Basi. Nimeutupa.*

Akaifungua video. Ilikuwa haijawahi kufunguliwa. Mikono ya mwanamume mzee ilikata selotepu kwa kisu cha jikoni, polepole, kwa woga wa kujeruhi kilichomo. Mfuko ukatoka, na ndani yake Nyai, mzima, majani yamesimama, kamba nyekundu shingoni. Sauti ya mwanamke nyuma ya simu ikasema, "Lo! Huyu mzuri, jamani." Wartini aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Mtu alifanya kila alichoambiwa. Aliuliza swali ambalo jibu lake Wartini angeweza kulitoa hata usingizini, na hakulijibu.

Alipiga. Simu iliita sana.

"Mulyadi hapa."

"Shikamoo, mzee. Mimi ni wa duka la mimea, Kopeng."

"Ahaa. Kaka mpendwa mwenyewe."

"Mzee, nisamehe. Ule mmea umeutupa wapi?"

"Wa nini sasa? Nyota moja nimeshakupa, siifuti."

"Nyota niachie hiyohiyo. Umeutupa wapi?"

Pengine sauti ya Wartini ndiyo iliyomlainisha. "Shimoni, nyuma ya jiko. Mke wangu anatupa maganda huko. Umeoza, binti, unanuka."

"Yaliyooza ni majani. Nakuomba, mzee, kama mwanao. Nenda ukautafute, nami nikuone."

Mzee Mulyadi alinung'unika kwamba amestaafu ualimu ili apumzike, kwamba mgongo unamuuma, kwamba hii ni huduma ya ajabu kwa wateja. Lakini aliwasha kamera, akaenda. Wartini aliona kandambili, ukuta, kuku, kisha shimo lenye maganda ya ndizi na wali uliochacha. Fimbo ikachokora. Sugiyo alikuwa amesimama nyuma ya mkewe akiomba dua chini chini.

"Mtu wangu," mzee alisema, akihema, "jirani akiniona hapa atasema pensheni imechelewa."

Kamba nyekundu ikajitokeza. Chini yake kilining'inia kisiki cheusi, kama kidole, hakina hata jani moja.

"Kibonyeze," Wartini alisema. "Kwa kucha. Kikibonyea kama ndizi, basi tena. Kikiwa kigumu..."

Mzee akabonyeza. Akakisogeza machoni, akabonyeza tena upande wa pili.

"Kigumu," alisema.

Sugiyo akapiga makofi kwa furaha. Wartini hakupiga. Machozi yalikuwa yanamtoka, na alikuwa hana nguvu ya kuyafuta.

"Sasa niambie, binti," alisema Mzee Mulyadi. "Mmea wa kawaida hauliliwi hivi. Huu ni nini?"

Angeweza kudanganya. Angeweza kusema una ugonjwa, urudishe, tutakutumia mwingine. Lakini uongo nao ni kazi, inabidi uukumbuke kesho. Akamweleza yote: Kalimantan, kopo la maziwa, baba yake, kamba.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo mmenitumia bibi yenu."

"Ndiyo, mzee."

"Nikauliza namna ya kumtunza, mkaniambia hakuna malalamiko."

"Ndiyo."

"Basi sikurudishii," alisema, bila ukali. "Nilimnunua kihalali, na mke wangu alimpenda. Tena akisafirishwa hivi alivyo, atafia njiani, hilo hata mimi nimeshalijua. Nitamweka kwenye beseni, nawe utanifundisha. Akizaa, mtoto wa kwanza ni wenu."

Mwalimu alikuwa na haki yake.

Ijumaa Mzee Karsono alishushwa garini, amekonda, shati linampwaya. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti chake cha plastiki, akanyoosha mikono apakatishwe. Wartini alipiga magoti mbele yake, akamwambia. Alijilaumu yeye, akamlaumu Sugiyo, akalaumu wiki ya punguzo. Alisema Nyai yu hai, yuko Sidoarjo kwa mwalimu.

Mzee alirudisha mikono mapajani.

"Kila jioni nilikuuliza," alisema.

Hakugomba, na Wartini angeona afadhali agombe. Kuanzia siku hiyo, Wartini akimwambia chai ni ya moto, mzee aliigusa kwanza. Akimwambia mvua inakuja, alichungulia nje. Sugiyo alijitahidi kumchekesha, akajibiwa kwa kikohozi.

Wartini alianza kusoma ujumbe wa wateja, kila mmoja, na kujibu kwa mkono. Haikumpunguzia uchovu, ilimwongezea. Kutoka Sidoarjo zilikuja picha: kisiki kwenye beseni, kisiki kwenye beseni, kisiki kwenye beseni, halafu ncha nyekundu ndogo kama ya kiberiti. Alimwonyesha baba yake. Mzee aliitazama simu akasema picha ni picha.

Masika yakapita, kiangazi kikaingia, ndipo mtu wa vifurushi akasimama mlangoni na boksi lililofungwa ovyo, selotepu imezungushwa kama bandeji. Juu Mzee Mulyadi ameandika kwa mwandiko wa ubaoni: MMEA HAI. MSIUTUPE. Simu ya Wartini ikalia papo hapo. *Binti mpendwa, asante kwa kununua kwetu. Bila video ya kufungua kifurushi hakuna malalamiko.*

Wartini akacheka, mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Akampa Sugiyo simu arekodi, mwanzo mpaka mwisho, bila kukata. Akaliweka boksi mbele ya kiti cha baba yake, akalifungua kwa kisu, polepole. Ndani ya gazeti bichi kulikuwa na mtoto wa Nyai, majani manne, mekundu chini. Yalikuwa ya majini, membamba, na njiani yalikuwa yameanza kulegea. Moja lilibaki gazetini.

"Haya yatakwisha yote, baba," alisema. "Ametoka majini, sasa anakuja hewani. Yataoza."

"Yaoze," alisema mzee. "Mzizi?"

Wartini akabonyeza kwa kucha, upande huu na upande ule.

"Mgumu."

Mzee Karsono akanyoosha mkono, vidole wazi.

"Lete," alisema. "Nibonyeze mwenyewe."