Anamwabudu

Neno hilo alilileta shangazi. Aliingia karakana yetu akihema, akakalia ndoo ya rangi bila kuuliza kama ina kifuniko, akaniambia, "Yule kijana hampendi dada yako tu. Anamwabudu!"

Alilisema kwa fahari, utadhani yeye ndiye aliyechumbiwa. Mimi nilikuwa napaka geti rangi, nikasita. Kwa ninavyojua, mtu hupendwa. Akiwa na bahati huzimikiwa, watu wakamcheka kidogo. Kuabudiwa ni kwa yule asiyeumwa jino wala kufua soksi. Binadamu akiabudiwa, basi kuna mtu ana lake jambo.

"Anataka nini?" nikauliza.

"Wee, na roho yako hiyo! Ndiyo maana hupati wa kwako."

Dada yangu ndiye fundi wa kuchomelea, mimi ni mpaka rangi wake. Shemeji mtarajiwa alikuwa muuza vigae wa mtaa wa pili. Kila jioni alisimama mlangoni akimtazama dada akipima na kukata vyuma, hapepesi macho. Alimwita Chuma. Dada akikosea kipimo, shemeji alisema hata makosa yake yana ufundi. Siku moja dada aliunguza chakula mpaka sufuria ikawa nyeusi, naye akaapa hajawahi kula kitu kama kile. Hapo, kusema kweli, hakudanganya.

Nikaanza kumchimba. Nilidhani ana mke kamficha mahali, hana. Nilidhani anaimezea mate karakana yetu. Duka lake lilikuwa kubwa mara mbili. Majirani zake walimsifu, hata kinyozi wake, na vinyozi huwa hawafichi kitu. Hakuwa na doa, na hilo ndilo lililonikera kabisa.

"Mdogo wangu, umeona nini kibaya?" dada aliniuliza siku moja tukifunga kazi.

"Sijaona. Ndiyo kinachoniudhi."

Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Tangu mama afe, kila mtu ananiegemea mimi. Shangazi, wewe, wateja. Nimechoka. Nataka na mimi nipate pa kuegemea. Usiniharibie."

Nikaacha kumchimba shemeji. Ilinichoma, kwa sababu mmoja wa waliomwegemea nilikuwa mimi.

Wiki ya mwisho kabla ya harusi, shemeji alikuja na simu mpya yenye kamera kali. Dada alikuwa anaunga fremu ya dirisha, kinga ya uso imeshuka mpaka kidevuni.

"Chuma, vua hicho kitu, sura haionekani."

"Mwanga huo unaunguza macho!" nikamaka. "Hata mimi sitazami!"

"Macho yake si kama yetu, shemeji."

Nilingoja dada amtolee uvivu. Angekuwa mteja, angefukuzwa kwa nyundo. Lakini alitabasamu kama msichana wa shule, akavua kinga, akawasha. Shemeji akapiga picha, akaomba nyingine, na nyingine tena.

Kulipokucha dada hakuweza kufungua macho. Yalikuwa yamevimba, yanachuruzika, anasema ni kama amemwagiwa mchanga. Daktari wa zahanati alimpa dawa ya matone, akamfunga kitambaa, akasema yatapona akitulia gizani. Dada hakumwamini. Aliketi ukingoni mwa kitanda, mikono imekamatana, na mimi nilikuwa na hasira za kutosha kumchomelea mtu mlango kwa nje.

Shemeji akaingia na picha kubwa, imeshatiwa kwenye fremu.

"Chuma wangu! Hebu ona ulivyotoka!"

"Siwezi kuona," dada akasema. "Naogopa. Nikipofuka je?"

"Wewe? Haiwezekani."

"Nimesema nikipofuka. Nikashindwa kazi, nikawa mtu wa kushikwa mkono. Utanishika?"

Shemeji alicheka kidogo, akaitazama picha. "Usiseme maneno hayo, Chuma. Unaniharibia."

Muda wote ule nilikuwa natafuta mwizi, na huyu hakutaka kuiba chochote. Nilitamani angekuwa mwizi.

Dada akanyoosha mkono, akapapasa hewani. Shemeji alikuwa karibu naye kuliko mimi, lakini mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika fremu. Hakuiweka chini. Mkono wa dada ulizunguka pale mbele ya kifua cha shemeji, kisha ukashuka.

"Mdogo wangu," dada akaniita, "nipeleke chooni."

Nikamshika. Aliniegemea, mtu niliyezoea kumwona akinyanyua nondo peke yake. Mlangoni akasimama, bila kugeuka.

"Ondoka na hiyo picha," akamwambia. "Uioe hiyo."

Tuliporudi hakuwepo. Na picha alikuwa ameichukua.