Kochi Halitoki Bila Kukaliwa

Karakana ile ilikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika wala aliyethubutu kuivunja: kochi halitoki mlangoni mpaka Mzee Springi alikalie. Mteja angeweza kuja na gari lake la kubebea, akapiga honi mpaka akachoka. Kama Mzee hajashusha makalio, akayumba kushoto, akayumba kulia, akafumba macho na kusema "Liende," basi hakuna kinachokwenda popote.

Sheria haikuwa na tatizo hadi nyonga ya Mzee ilipogoma. Alifanyiwa upasuaji, akarudishwa nyumbani na magongo mawili, na makochi yakaanza kurundikana. Yalipandana hadi karibu na dari, yakaziba dirisha. Mama, mkewe Mzee, ambaye kazi yake ilikuwa kupokea wateja, alipita humo ubavu ubavu, akivuta tumbo ndani na kuguna.

Aliyeyatengeneza makochi hayo ni binti yao wa mwisho, ambaye kila mtu alimwita Kitinda. Yeye ndiye aliyekaza mikanda chini ya fremu, akapanga springi, akakata sponji na kuvalisha kitambaa. Lakini wateja walimkuta na nyundo mkononi na misumari mdomoni, na bado wakamuuliza, "Fundi yupo?"

Maji yalipofika shingoni, Mama alimwita mshauri wa biashara, dada mmoja aliyekuwa akizungukia biashara ndogo za familia. Kitinda alijiandaa kumwagiwa maneno makubwa makubwa. Mshauri akavua viatu, akapanda juu ya kochi lililokuwa karibu, akakaa.

"Mzee akikaa hivi, huwa anasikilizia nini?"

Mama na Kitinda wakatazamana.

"Anajua mwenyewe," Mama akasema, kisha akaitwa nje na mteja aliyekuja kulalamika.

"Na wewe?" mshauri akamgeukia Kitinda.

"Mimi huyakalia kabla yake. Nikikuta kasoro narekebisha. Yeye akija anakuta kila kitu sawa."

"Umewahi kumwambia?"

Kitinda akacheka bila furaha. "Dada, humjui baba yangu wewe. Utamwambia, halafu atakuuliza nani alikuzaa." Akashusha sauti. "Kuna kiwanda cha samani kimeniita. Nimeahidi kuwajibu Jumatatu. Sitaki kuondoka hapa, lakini sitaki pia kuzeeka nikiitwa msaidizi."

Mshauri hakumwambia aende wala abaki. Alibonyeza sponji kwa kiganja.

"Sheria yenu ni nzuri," akasema mwishowe. "Mteja anapenda kuona kochi limekaliwa. Shida ni kwamba inategemea mtu mmoja. Kochi likaliwe na aliyelitengeneza, mbele ya mteja, na aseme kwa sauti anachokisikia. Baba yako awepo, akuone."

Siku hiyo hiyo walimfuata Mzee nyumbani. Aliwasikiliza mguu ukiwa juu ya mto.

"Mwalimu," akamwambia mshauri, "makalio yangu yalianza kazi kabla hujazaliwa."

"Ndiyo maana yanahitaji likizo, Mzee."

Mama alicheka mpaka akajiziba mdomo kwa upindo wa nguo. Mzee hakucheka, ila alikubali kuja Jumamosi kwa sharti moja: "Mimi nakaa kwanza. Huyo atanifuata." Mshauri alitaka kubisha. Kitinda akamkanyaga mguu taratibu, maana kumsogeza baba yake zaidi ya hapo kungekuwa kazi ya siku nzima.

Jumamosi asubuhi makochi yalipangwa mbele ya karakana. Mwenye gesti, aliyeyaagiza kwa ajili ya sebule yake mpya, alikuja na wabebaji. Wageni wake wa kwanza walikuwa wanaingia mchana ule ule, na alishasema wazi kwamba akikosa leo atanunua dukani.

Mzee akakabidhi magongo yake, akashuka polepole kwenye kochi la kwanza. Kitinda hakumwondolea macho. Baba yake alikuwa ameegemea kushoto, akiilinda nyonga. Hakuyumba kulia hata kidogo.

"Liende."

Mama akamwinua na kumshikilia, wabebaji wakasogea. Kitinda akawahi kukaa, na pale pale akasikia upande wa kulia unazama chini yake.

Angeweza kunyamaza, kisha aende gesti Jumatatu kulirekebisha kimya kimya, kama alivyozoea kuficha kazi yake miaka yote. Alimtazama mshauri. Mshauri alikuwa anaangalia vidole vyake vya miguu, kwa makusudi kabisa.

Kitinda akapiga moyo konde. "Hili haliendi."

"Nimeshasema liende," akasema Mzee.

"Nimekusikia, baba. Ila kulia linazama. Wewe umeegemea kushoto kwa sababu ya nyonga, hukufika huku."

"We Kitinda!" Mama akang'aka.

"Jamani, nina wageni mimi!" Mwenye gesti akawaashiria wabebaji. "Mzee kasema, bebeni."

"Asilibebe mtu."

Kitinda akalipindua kochi, akang'oa pini, akafunua kitambaa cha chini. Mkanda mmoja ulikuwa umening'inia.

"Nilipoukaza ulikuwa imara," akasema. "Umelegea kwa kubeba makochi mengine juu yake, muda wote tuliokuwa tunakusubiri wewe, baba."

Mzee alidai magongo yake. Aliinama kwa shida, akaupitisha mkanda kati ya vidole.

"Fundi amesema haliendi," akamwambia mwenye gesti. "Ngoja."

"Sasa fundi si wewe?"

"Mimi ni mgonjwa, huoni magongo? Zungumza na mwenye kazi."

Mwenye gesti akamgeukia Kitinda, uso umemkunjamana. "Haya, fundi. Mchana nitakuwa na viti au sina?"

"Utakuwa navyo. Hili nalikaza sasa hivi. Mengine nayakalia yote moja moja. Lenye kasoro nalifungua hapa hapa, ukiona."

Akafunga mkanda mpya, akauvuta mpaka mishipa ikamtoka shingoni, akapigilia. Mama alileta pini bila kuombwa. Mzee aliletewa stuli, akasogezwa karibu mpaka magongo yakagusa fremu.

Kitinda akakaa kwenye kochi la pili, akayumba kushoto, akayumba kulia.

"Springi za mbele ni..." akaanza.

"Sema kwa sauti," baba yake akamkatiza. "Wasikie wote."