Karatasi ya Salamu

Sikugundua kwamba nilikuwa nikisahihishwa. Kwa miaka kumi na tisa, katika chuo cha ualimu hapa Korogwe, nimewafundisha wengine kusoma kwa makini yaliyoandikwa na yaliyokusudiwa. Hata hivyo, kwa muda wa miezi saba watu kadhaa waliniambia, kwa adabu na kwa maandishi, kwamba nimekosea, nami sikuwasikia.

Walikuwa wakiniambia ndani ya jedwali. Shule za msingi za Handeni na Korogwe zina vishikwambi vya kila namna: vingine vililetwa na miradi, vingine na wahisani, vingine wazazi walichangishana wakanunua. Hakuna aliyekuwa na uhakika ni modeli ipi bado inapokea masasisho ya mfumo na ipi imeachwa na watengenezaji wake. Kwa hiyo mwezi wa Novemba tulifungua jedwali moja la pamoja mtandaoni. Kila mstari ni modeli moja: jina lake, toleo la mwisho la mfumo inalolikubali, na jina la aliyeandika. Mwalimu yeyote, na fundi yeyote tuliyemwamini, aliruhusiwa kuandika na kusahihisha. Mimi nilikuwa mtunzaji.

Kilichonikera mapema kilikuwa salamu. Mtu akitaka kuongeza neno pembeni mwa mstari, alianza na shikamoo, akauliza habari za nyumbani, akanipa pole na kazi, akaeleza mvua ilivyo Misima au mahindi yalivyo Kwaluguru. Jedwali likaanza kufanana na mlango wa ukumbi wa harusi wageni wanapopokewa. Nikatunga kanuni: maoni yoyote yanayoanza na salamu yahamie yenyewe kwenye karatasi ya pili, niliyoiita Salamu, ambayo ningeisoma nikipata nafasi. Kanuni ilifanya kazi vizuri mno. Jedwali likawa safi, nami nikalisifu mbele ya wanachuo kama mfano wa taarifa zilizotunzwa vyema. Nafasi ya kusoma ile karatasi ya pili sikuipata.

Mwezi wa Juni waratibu wa programu ya kujifunzia kusoma walitangaza kwamba kuanzia Julai programu hiyo itahitaji toleo la kumi na moja la mfumo. Vishikwambi visivyoweza kufika hapo vikabidhiwe Handeni mjini Ijumaa, vipangiwe kazi za ofisi. Na kwa kuwa jedwali letu lilikuwa limepata sifa, jedwali letu ndilo walilolitumia kuamua.

Jumanne mchana Asnath aliingia ofisini kwangu. Nilimfundisha chuoni, sasa ana darasa la pili huko Kwaluguru. Alibeba kishikwambi kimoja, kimefungwa ndani ya khanga kama mtoto anayepelekwa kliniki.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Asnath. Karibu. Umetoka Kwaluguru leo hii?"

"Leo hii. Habari za hapa?"

"Njema."

"Na za nyumbani? Mzee hajambo?"

"Hajambo. Asnath, nina kipindi baada ya nusu saa."

"Basi nitakuamkia kwa haraka," alisema, akaketi. "Wanachukua vishikwambi vyangu."

Vilikuwa tisa, vyote modeli ya Zuhali 8. Watoto wake walikuwa arobaini na mmoja, wengi wao wakizungumza Kizigua nyumbani, na mwezi wa Januari hakuna hata mmoja aliyeweza kusoma sentensi nzima. Aliwagawa katika makundi, kila kundi na kishikwambi chake. Sasa thelathini walikuwa wakisoma wenyewe.

"Bado kumi na mmoja," alisema. "Hao ndio waliokuwa wameanza kushika. Nikibaki na chaki peke yake, wataingia darasa la tatu hivyo hivyo, na huko hakuna atakayerudi nyuma kwa ajili yao."

Nilifungua jedwali nikamwonyesha mstari wa kumi na nne. Zuhali 8, toleo la mwisho, la tisa, aliyeandika, Yuditha, yaani mimi.

"Nasikitika sana," nilisema. "Lakini modeli hii inaishia hapo. Nilithibitisha mwenyewe kwa kishikwambi changu."

Alikifungua cha kwake, akaingia kwenye mipangilio, akakigeuza upande wangu. Kilionyesha toleo la kumi na moja.

"Tangu lini?"

"Machi. Vyote tisa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia, mwalimu. Mara tatu."

"Wapi?"

"Kwenye jedwali. Pembeni mwa huo huo mstari."

"Pembeni hapana kitu."

Aliinama akatazama, kisha akainua uso taratibu. "Nilianza na shikamoo," alisema. "Kila mara nilianza na shikamoo."

Nilifungua karatasi ya Salamu. Ilikuwa na maoni mia mbili na sita. Ya kwanza ya Asnath yalikuwa na mistari mitano ya kunijulia hali, na katika wa sita, kwa sauti ya mtu anayebisha hodi, aliandika kwamba huenda mstari wa kumi na nne unahitaji kutazamwa tena mwalimu akipata wasaa. Chini yake alikuwapo mzee Mdoe, mwalimu mkuu wa shule moja ya Misima, ambaye kwa umri ni kaka yangu mkubwa: "Assalaam aleikum, mwalimu. Sisi huku hatujambo, mbaazi zimekubali. Vya kwetu vinne vimepokea toleo la kumi na moja, picha nimeambatisha. Yawezekana vya Misima vina bahati kuliko cha kwako."

Kisha nikafika kwa Mustafa, fundi wa simu pale Segera.

"Assalaam aleikum, mama. Pole na majukumu. Kile kishikwambi chako nilichokitengeneza mwaka jana ni Zuhali 7. Nilikivalisha mfuniko wa nyuma wa 8 kwa sababu wa 7 haupatikani tena. Nahisi mstari wa 14 umeandikwa kwa kutazama mgongoni. Samahani kama nimevuka mpaka."

Nilichukua kishikwambi changu mezani, nikakigeuza. Nyuma kilikuwa kimeandikwa Zuhali 8, kwa herufi za fedha. Nikaingia ndani ya mipangilio, mahali ambapo nilipaswa kuingia tangu Novemba. Zuhali 7.

Asnath alikuwa akitazama dirishani kwa bidii.

"Cheka tu," nilimwambia.

"Sicheki, mwalimu."

"Unacheka kwa mabega."

Hapo alishindwa, nami nikashindwa pamoja naye, hata mwenzangu wa ofisi ya jirani akagonga ukuta.

Nilimpigia Mustafa, simu nikaiweka mezani ili sote tusikie. Alipoitikia, mabasi ya Arusha yalikuwa yakipiga honi nyuma yake.

"Mustafa, una ruhusa ya kusahihisha jedwali, au huna?"

"Ninayo, mama."

"Sasa kwa nini hukuufuta ule mstari wangu?"

"Mstari una jina lako."

"Hiyo ndiyo sababu?"

"Mama, niufute wako, niweke jina langu juu yake, halafu upite hapa Segera nikuamkie kwa uso upi?"

"Na habari ya mfuniko, siku ile uliniambia?"

"Nilikuambia. Ulikuwa unaongea na simu. Ukaniitikia kwa kichwa, nikasema huyu ni msomi, ameelewa."

Asnath alijifunika uso kwa khanga.

Nilikuwa nimeamini kwamba mtu akishapewa ruhusa ya kuandika, kilichobaki ni yeye kuandika. Sikufikiri kwamba, kwa malezi yetu, kufuta neno la mtu unayemheshimu ni sawa na kumnyang'anya kiti akiwa amekikalia. Wao walitafuta njia ya heshima ya kunifikia, nami njia hiyo hiyo nikaiwekea kizuizi.

Nilimsogezea Asnath kompyuta. "Andika."

"Andika wewe, mwalimu. Mimi nitakusomea."

"Kilichoonwa na wewe kiandikwe na wewe."

Aliandika kwa kidole kimoja, akitazama uso wangu kila baada ya neno, kana kwamba ningebadili mawazo. Kisha tukakusanya picha kutoka karatasi ya Salamu: tisa za Kwaluguru, nne za Misima na tatu ambazo Mustafa aliambatisha kutoka Segera, zote zikionyesha modeli na toleo kwenye mipangilio. Tulizituma kwa mratibu pamoja na barua fupi niliyokiri ndani yake kwamba kosa lilikuwa langu na kueleza lilivyotokea. Kipindi changu kilikuwa kimeshapita. Wanachuo walinisubiri mlangoni na kusikiliza kila kitu.

Jibu lilikuja kabla ya saa kumi. Zuhali 8 zote zibaki shuleni. Mratibu aliuliza swali moja tu: Zuhali 7 ziko ngapi katika eneo letu?

"Moja," nilijibu.

Ijumaa nilikipeleka kishikwambi changu Handeni mjini, nikatia saini ya kukikabidhi. Jioni Asnath alinitumia ujumbe: "Shikamoo, mwalimu. Poleni na msiba."

Tangu wiki ile kanuni ya salamu haipo. Safu ya mwisho ya jedwali haitaji tena mwandishi mmoja wa mstari. Inaorodhesha majina ya wote waliofungua mipangilio wakasoma, pamoja na tarehe, na jina la aliyetangulia halifutwi. Mistari thelathini na saba imesahihishwa, na kumi na tisa kati yake ilikuwa yangu. Shule zilipofungwa Desemba, wanane katika wale kumi na mmoja wa Kwaluguru walikuwa wakisoma, na watatu walikuwa bado wanajifunza.